Iulize shaba: kupima mmenyuko wa nyuklia kwa rundo la foili

Kila saiklotroni, mashine ya kuzipa protoni mwendo mkali, ina paneli, na kila paneli ina namba mbili zinazong'aa: nishati ya protoni na mkondo wake. Mwanafunzi mgeni huzinakili kwenye daftari, akaziingiza moja kwa moja kwenye hesabu, na matokeo yakaharibika bila mwenyewe kujua. Namba hizo zimewekwa kwa ajili ya mwendeshaji, ajue mashine inakwenda sawa. Ukitaka kujua kwa uhakika ni protoni ngapi zilipita na zilikuwa na nishati gani, kiulize kipande cha shaba kilichokaa njiani mwao. Hapa chini naeleza namna ya kukiuliza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1934, jijini Paris, Irène na Frédéric Joliot-Curie walipiga foili ya alumini kwa chembe za alfa kutoka kwenye poloniamu. Walipoiondoa poloniamu, alumini iliendelea kutoa mionzi yenyewe: baadhi ya viini vyake vilikuwa vimegeuka fosforasi nururifu. Sisi bado tunafanya hivyo hivyo. Tunapiga chuma kwa chembe zenye chaji, tunakitoa, tunahesabu mionzi inayobaki, kisha tunarudi nyuma kwa hesabu hadi tujue ni viini vingapi viligeuka.

Tunachotafuta ni uwezekano wa protoni kusababisha mmenyuko fulani. Wanafizikia huupima uwezekano huo kama eneo, mithili ya ukubwa wa shabaha ambayo kiini kinaionyesha kwa protoni inayokuja. Hapa nitaliita eneo la mmenyuko. Kipimo chake ni bani, yaani sentimita za mraba 10⁻²⁴, na kazi nyingi ziko kwenye milibani.

Kwanza, mlango. Kazi hii haifanyiki uani wala kwenye maabara ya shule. Inahitaji saiklotroni, chumba chenye kuta nene, na leseni ya mamlaka ya mionzi ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki na kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Nairobi zipo saiklotroni za hospitali zinazotengeneza fluorini-18 kwa ajili ya picha za saratani, na karibu na Cape Town ipo maabara ya utafiti ya iThemba LABS yenye saiklotroni kubwa inayofikisha protoni hadi 200 MeV (milioni za elektronivolti, kipimo cha nishati). Mashine ndogo ya hospitali, yenye protoni za 16 au 18 MeV, inatosha kabisa kwa yaliyomo humu, mradi wakupe nafasi usiku wagonjwa wakishahudumiwa. Vaa beji yako ya mionzi na umsikilize afisa usalama. Usiingie chumba cha shabaha mpaka kipimo cha mlangoni kikuruhusu.

Hatua ya 1: Chagua foili, uzipime mwenyewe

Anza na shaba ya kawaida yenye usafi wa juu, unene wa maikromita 25. Hata kama chuma unachotaka kukichunguza ni kingine, mara ya kwanza piga shaba tupu. Majibu yake yanajulikana: Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna limechapisha thamani zinazopendekezwa kwa shaba, titaniamu, nikeli na alumini, na hizo hutumika kama mizani duniani kote. Ukiishindwa shaba, hicho chuma chako kipya kitakudanganya mchana kweupe.

Usiuamini unene ulioandikwa kwenye bahasha. Foili nyembamba hutofautiana na lebo yake kwa asilimia kadhaa, na kila asilimia inaingia yote kwenye jibu lako. Kata mraba, futa mafuta kwa asetoni, uache ukauke, kisha upime pande zote nne kwa kalipa na uzito kwa mizani inayosoma hadi miligramu 0.1. Mfano: mraba wa milimita 25 kwa 25 una sentimita za mraba 6.25. Ukiwa na uzito wa gramu 0.140, kila sentimita ya mraba ina miligramu 22.4. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia katika kila hesabu, maikromita zisahau.

Geuza uzito kuwa atomi: 0.0224 zidisha kwa 6.022 × 10²³, gawanya kwa 63.546. Unapata atomi 2.12 × 10²⁰ kwa kila sentimita ya mraba. Andika namba ya foili kwenye kona kwa sindano. Wino huungua.

Hatua ya 2: Panga rundo

Saiklotroni nyingi za hospitali zina nishati moja tu, lakini wewe unahitaji nishati nyingi. Dawa yake ni kupanga foili nyuma ya foili. Protoni ikipita kila moja hupoteza nishati kidogo, hivyo foili ya kwanza inapigwa na protoni kali na ya mwisho inapigwa na protoni zilizochoka. Kwa pigo moja unapata nukta nyingi za grafu.

Protoni ya 16 MeV hupoteza karibu 0.4 MeV kwenye foili yetu, ya 10 MeV hupoteza 0.6 hivi, na ya 5 MeV hupoteza karibu 1 MeV. Kadiri inavyopungua mwendo ndivyo inavyopoteza zaidi. Foili kama 16 zinatosha kuishusha kutoka 16 hadi karibu 7 MeV. Hesabu kila hatua kwa programu ya SRIM au majedwali ya PSTAR, ambayo huonyesha protoni inapoteza nishati kiasi gani ndani ya chuma, foili kwa foili, ukitumia miligramu ulizopima katika hatua ya 1.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni. Kosa dogo la mwanzo halibaki dogo. Ukikosea nishati ya kuingilia kwa 0.2 MeV kwenye 16 MeV, ukifika chini karibu na 5 MeV kosa hilo limezidi 0.4 MeV, kwa sababu ile ile kwamba protoni ya polepole hupoteza haraka zaidi. Juu ya hilo, protoni zenyewe zinaanza kutofautiana, nyingine zimepoteza zaidi, nyingine kidogo. Kwa hiyo nukta za mwisho za rundo refu hazina thamani sawa na za mwanzo. Mimi huzikata mbili za mwisho bila huruma. Ukizihitaji kweli, tengeneza rundo la pili fupi.

Chuma chako kikishaingia kazini, mpangilio utakuwa shaba, chuma chako, shaba, chuma chako, mpaka mwisho, pengine na titaniamu hapa na pale. Kila kipande cha chuma chako kiwe na shaba jirani ya kukitolea ushahidi. Na kwa kuwa kiini kilichogongwa husukumwa mbele, baadhi ya viini vipya huruka kutoka foili moja na kutua kwenye inayofuata. Kama foili ni nyembamba sana, weka karatasi ya alumini nyuma yake ivikamate, uihesabu pamoja nayo.

Hatua ya 3: Kikombe cha mwisho

Nyuma ya rundo hukaa kikombe cha Faraday, chombo cha chuma kilichotengwa na ardhi, chenye kina, kinachopokea kila protoni iliyopita. Waya mmoja unatoka kwenda kwenye mita ya mkondo. Ikiwa rundo lako ni nene kiasi cha kuzisimamisha protoni zote, basi rundo lenyewe na kishikio chake viwe ndani ya kikombe.

Adui wa kikombe ni elektroni. Protoni ikigonga chuma hutimua elektroni usoni pake. Zikitoka nje ya kikombe, mita inadhani zimeingia protoni zaidi. Zikitoka kwenye kola iliyo mbele (bamba lenye tundu linalopunguza upana wa mwale) na kuangukia ndani, mita inasoma pungufu. Ndiyo maana mdomoni mwa kikombe huwekwa pete yenye volti hasi za mamia kadhaa, ya kuzirudisha kila moja ilikotoka. Jaribu: washa na uzime volti hiyo wakati mwale unapita. Namba ya mkondo ikiruka sana, ujue kazi ya pete ni kubwa na usithubutu kupima bila yake.

Mwale wenyewe uwe mwembamba kuliko foili. Kola yenye tundu la milimita 5 hadi 8 inatosha.

Hatua ya 4: Piga, lakini taratibu

Mwendeshaji wa saiklotroni ya hospitali amezoea maikroampea 20, 40 na zaidi. Mwombe nanoampea 100. Sababu ni joto, na hesabu yake ni nyepesi: MeV zidisha kwa maikroampea, unapata wati. Protoni za 16 MeV zikisimama zote kwenye rundo kwa nanoampea 100, ni wati 1.6, joto la kawaida tu. Kwa maikroampea 20 ni wati 320 kwenye kitu cha ukubwa wa sarafu kilichomo ndani ya ombwe. Foili zitajikunja na kutoboka, pengine zikayeyuka.

Saa moja inatosha kwa mara ya kwanza. Rekodi mkondo kila sekunde chache kwenye faili, maana zinki-63, mojawapo ya zinki nururifu ambazo shaba hugeuka kuwa ikipigwa, ina nusu maisha (muda wa kupungua kwa nusu) ya dakika 38.5. Iliyotengenezwa dakika ya tano imeshapungua sana ifikapo ya 60, kwa hiyo mwale uliyumba lini ni jambo la maana kwayo. Kwa zinki-65, yenye nusu maisha ya siku 244, kuyumba hakuna neno. Jumla ya chaji inatosha.

Sasa saa. Niliwahi kufanya kazi yote hii vizuri, foili zimepimwa, kikombe kimetulia, na zinki-63 ikanitoka chini kwa asilimia saba katika kila foili. Nilitafuta kosa kwenye mizani, kwenye ditekta, kwenye hesabu. Siku ya tatu ndipo nilipozisimamisha saa mbili pamoja: kompyuta ya saiklotroni ilikuwa mbele ya kompyuta ya ditekta kwa dakika nne. Dakika nne kwa kitu chenye nusu maisha ya 38.5 ni asilimia saba kamili. Tangu hapo, kabla ya yote, naoanisha saa zote na naandika muda wa kuwashwa na kuzimwa kwa mwale kutoka saa moja tu, ile ya mkononi.

Hatua ya 5: Ditekta

Unahitaji ditekta ya gerimaniamu safi, ile inayopozwa kwa nitrojeni kimiminika au kwa jokofu lake la umeme. Ile ya fuwele ya sodiamu iodaidi itakupotosha. Mfano mmoja tu: kilele cha zinki-65, yaani nundu ambayo miale yake ya gamma huijenga kwenye spektra (grafu ya nishati), kiko 1,115.5 keV (elfu za elektronivolti), na katika kila chumba chenye hewa ya kawaida kuna kilele cha 1,120.3 keV cha bismuthi-214, kitukuu cha gesi ya radoni. Gerimaniamu huvitenganisha kama vidole viwili. Sodiamu iodaidi huvifanya kilima kimoja kipana.

Ufanisi wa ditekta ni sehemu ya gamma zilizotoka ambazo ditekta inazihesabu kwenye kilele chao. Uupime kwa vyanzo vyenye cheti: europiamu-152 kwa vilele vyake vingi, kobalti-60 yenye 1,173.2 na 1,332.5 keV, sesiamu-137 yenye 661.7 keV, na bariamu-133 kwa nishati za chini. Rekebisha nguvu ya kila chanzo kwa umri wake, kwani cheti cha miaka mitano iliyopita kwa kobalti-60 tayari kimepungua karibu nusu. Chora ufanisi dhidi ya nishati kwenye karatasi ya logi kwa logi na upitishe mstari laini.

Usikaribishe foili kwenye uso wa ditekta eti upate hesabu nyingi. Kobalti-60 na vanadiamu-48 hutoa gamma mbili kwa pamoja, na zikiingia zote mara moja ditekta huziona kama moja kubwa. Kilele kinapungua na hujui kwa nini. Umbali wa sentimita 10 hadi 20 huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Muda mfu, ule ambao ditekta haisikii kwa sababu inashughulikia gamma iliyotangulia, usizidi asilimia 5. Ukizidi, sogeza foili mbali au subiri. Na usiku mmoja iache ditekta ihesabu chumba kitupu, upate spektra ya mazingira ya kutoa baadaye.

Hatua ya 6: Soma spektra kwa zamu

Foili ileile husomwa mara kadhaa, kwa sababu inabadilika. Katika saa ya kwanza hadi ya pili zinki-63 inatawala, itafute kwenye 669.6 na 962.1 keV. Baadaye usiku huo na kesho yake asubuhi ni zamu ya zinki-62, nusu maisha saa 9.2. Ina kilele cha 507.6 keV, lakini kiache; kiko ubavuni mwa mlima wa 511 keV ambao kila kinachotoa positroni (elektroni chanya) huujenga. Tumia 596.6 keV, kimesimama peke yake. Zinki-65 isubiri siku tatu au zaidi, wakati makelele yote yameisha.

Titaniamu ina ujanja wake. Vanadiamu-48, inayozaliwa titaniamu ikipigwa na inayotumika kama mizani, hutoa 983.5 na 1,312.1 keV, na skandiamu-48 ikizaliwa hutoa zilezile. Ila skandiamu ina nusu maisha ya saa 44 na vanadiamu siku 16. Subiri wiki mbili, tatizo linajimaliza.

Hatua ya 7: Hesabu

Kanuni ni moja:

σ = K × λ ÷ [N × Φ × ε × I × (1 − e^(−λ·tp)) × e^(−λ·ts) × (1 − e^(−λ·th))]

K ni hesabu halisi ya kilele baada ya kuondoa muda mfu na mazingira, λ ni 0.693 gawanya kwa nusu maisha, N ni atomi kwa sentimita ya mraba, Φ ni protoni kwa sekunde, ε ni ufanisi, na I ni sehemu ya mitengano inayotoa gamma hiyo. tp ni muda wa kupiga, ts wa kusubiri, th wa kuhesabu.

Tuseme foili yetu ilipigwa saa moja kwa nanoampea 100, ikasubiri siku tatu, ikahesabiwa saa moja, na kilele cha 1,115.5 keV kikatoa hesabu 31,000. Nanoampea 100 ni protoni 6.24 × 10¹¹ kwa sekunde. Ufanisi tuseme 0.005, na I ya zinki-65 ni 0.5004. λ ni 3.29 × 10⁻⁸ kwa sekunde. Weka zote: jibu ni sentimita za mraba 2.21 × 10⁻²⁵, yaani milibani 221. Hiyo ni kwa shaba ya asili. Kwa kuwa shaba-65 ni asilimia 30.85 tu yake, eneo la shaba-65 peke yake ni milibani 717 hivi. Daima sema umeandika ipi kati ya hizo mbili. Kuna makala zilizochapishwa ambazo msomaji hubaki akibahatisha.

Mzizi wa 31,000 ni 176, kwa hiyo shaka ya kuhesabu ni asilimia 0.6 tu. Usifurahi mapema. Ufanisi unakuja na asilimia 3 hadi 5, mkondo na zake, uzito na eneo la foili asilimia moja hivi. Zijumlishe kwa miraba, kisha mzizi.

Hatua ya 8: Sasa iulize shaba

Hapa ndipo utakapojua kama paneli ilikuambia ukweli. Chora nukta zako za zinki-62, 63 na 65 juu ya thamani zinazopendekezwa. Zikiwa zote juu au zote chini kwa uwiano mmoja, mkondo ndio wenye kosa. Uzidishe kwa namba moja mpaka zilale kwenye mstari. Zikiwa sawa mwanzoni mwa rundo na kupinda kuelekea mwisho, nishati au unene una kasoro.

Kwa nishati kuna kipimo kitamu zaidi. Zinki-62 huzaliwa shaba-63 inapotema nyutroni mbili, jambo lisilowezekana chini ya 13.5 MeV. Juu ya hapo inapanda kwa kasi, huku zinki-63 ikishuka. Chukua uwiano wa zinki-62 kwa zinki-63 kutoka foili ileile ya mbele. Mkondo unajikata, unene unajikata, unabaki na nishati peke yake. Uwiano huo ukikuambia 16.1 MeV na paneli inasema 16.5, andika 16.1.

Ukimaliza hapo, rekebisha nishati na mkondo kwa ushahidi wa shaba, na ndipo ukokotoe chuma chako. Ikiwa ni molibdeni, ambayo wengi wanaipiga kutafuta teknetiamu-99m ya hospitali bila kutegemea kinu cha nyuklia, kumbuka kwamba kilele cha 140.5 keV kina wazazi wawili: teknetiamu iliyozaliwa moja kwa moja, na ile inayozaliwa polepole na molibdeni-99 yenye nusu maisha ya saa 66. Fuata kilele hicho kwa siku tatu, uitenge hiyo ya pili, uitoe. Andika pia nusu maisha, thamani za I na thamani za shaba ulizotumia, ili zikisahihishwa miaka kumi ijayo mwingine aweze kurekebisha jibu lako bila kukupigia simu.

Foili usizitupe. Ziweke kwenye bahasha yenye namba, ndani ya kasha la risasi, na baada ya siku 60 irudishe ile ya mfano wetu kwenye ditekta, mahali palepale, kwa saa ileile moja. Ukipata 26,100 hivi, kilele chote kilikuwa cha zinki-65. Ukipata pungufu sana, kuna kitu kingine kilikuwa kimejificha pale, na nukta zako za zinki-65 zinarudi mezani.